Jumamosi Sita za Mbinu za Utafiti wa Saikolojia: Tathmini ya Kozi Fupi Niliyoilipia Mwenyewe

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa pia mshauri nasaha wa wanafunzi shuleni kwetu. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonisukuma kutafuta mafunzo ya utafiti, kwa sababu kila muhula tunawagawia wanafunzi dodoso kuhusu msongo wa mawazo, usingizi na hofu ya mitihani, kisha tunaandika ripoti ambayo, nikiisoma kwa makini, siwezi kusema kwa dhamiri safi kwamba inathibitisha lolote. Nilipoona tangazo la kozi fupi ya mbinu za msingi za utafiti wa saikolojia, inayofundishwa kwa Kiswahili hapa Dar es Salaam kwa Jumamosi sita, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, nililipa shilingi 150,000 kutoka mfukoni mwangu. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa malalamiko niliyo nayo nimekwisha kuwafikishia wenyewe nao wameyapokea kwa uungwana; ninachotaka ni kumweleza msomaji anayefikiria kujiandikisha katika kozi ya aina hii atapata nini, na atakosa nini asipouliza mapema.

Nianze na siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nirudi Jumamosi tano zilizofuata. Tulikuwa washiriki 19: walimu, wauguzi, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili na mama mmoja aliyestaafu kazi ya ukunga. Nilitarajia tuanze kwa fasili, kama ilivyo desturi ya madarasa yetu, ubao ujae maneno na sisi tunakili. Badala yake mwezeshaji alibandika ukutani karatasi mbili za manila. Ya kwanza ilikuwa na viraba 30 vilivyopakwa rangi nyekundu, kijani, bluu na njano. Ya pili ilikuwa na maneno 30, nayo yalikuwa majina ya rangi hizohizo, ila kila neno lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya rangi isiyo yake, yaani neno NJANO limeandikwa kwa wino wa kijani, na neno KIJANI kwa wino mwekundu. Kila mmoja wetu alisimama mbele na kutaja kwa sauti rangi anazoziona, karatasi moja baada ya nyingine, huku mwenzake akipima muda kwa simu. Mimi nilitumia sekunde 22 katika karatasi ya viraba na sekunde 37 katika karatasi ya maneno. Yule mama mkunga alikwama kwenye mstari wa tatu, akageuka na kusema, "Mwalimu, macho yanaiona rangi, lakini mdomo umeshalisoma neno kabla yangu."

Jaribio hilo ni la John Ridley Stroop, aliyelichapisha nchini Marekani mwaka 1935. Wanafunzi 100 aliowapima kwa namna hiyo walitumia wastani wa sekunde 63.3 kutaja rangi za viraba 100, lakini walipopewa maneno 100 yanayopingana na rangi ya wino wake, wastani ulipanda hadi sekunde 110.3. Mwezeshaji hakututajia takwimu hizo mpaka tulipokwisha kuandika zetu ubaoni. Ndipo akatuletea istilahi mbili ambazo ndizo mhimili wa kozi nzima: kigeu huru, yaani kile ambacho mtafiti anakibadilisha kwa makusudi, ambacho hapa kilikuwa aina ya karatasi, na kigeu tegemezi, yaani kile kinachopimwa ili kuona kama kimeathiriwa na badiliko hilo, ambacho hapa kilikuwa idadi ya sekunde. Nimewahi kusoma fasili hizo mara nyingi na kuzisahau mara nyingi. Safari hii hazikunitoka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kuuhisi ulimi wangu ukigoma.

Thamani kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuja dakika chache baadaye, mwezeshaji alipotuuliza ni nani mwenye uhakika kwamba ni maneno ndiyo yaliyotuchelewesha. Tulikaa kimya, kisha hoja zikaanza kumiminika. Mmoja alisema kwamba sote tulianza na karatasi ya viraba na kumaliza na ya maneno, kwa hiyo huenda ilikuwa ni uchovu. Mwingine akasema huenda ni kinyume chake, kwamba karatasi ya kwanza ilitupa mazoezi, na bila mazoezi hayo ya pili ingetushinda kabisa. Muuguzi mmoja alionyesha kwamba kalamu ya kijani ilikuwa imeanza kukauka ilipofika katikati ya karatasi ya pili, hivyo maneno kadhaa yalikuwa yamefifia. Kijana mmoja wa uzamili alisema kwamba wapima muda walikwisha kung'amua matokeo yanayotarajiwa, na kidole cha mtu anayejua jibu hakibonyezi simu kwa uadilifu uleule. Hoja iliyonivutia kuliko zote ilitoka kwa mwalimu wa Kiswahili, aliyehesabu silabi. "Nyekundu" na "kijani" yana silabi tatu, "njano" lina mbili tu. Akahesabu viraba na maneno, akakuta kwamba wino mwekundu umetumika mara sita katika karatasi ya kwanza na mara tisa katika ya pili. Maana yake ni kwamba huenda karatasi ya pili ilihitaji silabi nyingi zaidi kuitamka, hata kama kusingekuwa na mgongano wowote kati ya neno na rangi.

Hivyo vyote ni vigeu vinavyoingilia, yaani mambo yanayobadilika pamoja na kigeu huru bila mtafiti kukusudia, kiasi kwamba mwishoni hawezi kujua ni kipi kilicholeta matokeo. Jumamosi ya pili tulilirudia jaribio. Karatasi zilichorwa upya kwa kalamu mpya, kila rangi ikapewa idadi sawa katika karatasi zote mbili, na tuligawanywa kwa kurusha sarafu: waliopata upande mmoja walianza na viraba, waliopata upande wa pili walianza na maneno. Wapima muda walitolewa katika darasa la jirani, nao hawakuambiwa tunatafuta nini wala kuruhusiwa kuiona karatasi. Tofauti ya sekunde ilipungua, lakini haikutoweka. Kuiona tofauti hiyo ikisalia baada ya kuondolewa kila kisingizio tulichokifikiria ndiyo ladha ya utafiti ambayo sikuwahi kuionja chuoni, na kwa Jumamosi hizo mbili peke yake naona nusu ya ada yangu ilikwisha kurudi.

Kuna tukio jingine la siku hiyo ya pili ambalo halikupangwa. Umeme ulikatika wakati nusu yetu tumekwisha kupimwa, na jenereta la duka la chini likaanza kunguruma kiasi cha kutulazimisha kupaza sauti. Mwezeshaji hakuendelea. Alisimamisha kazi, akaandika ubaoni majina ya waliokwisha kupimwa na ya waliobaki, kisha akatuuliza kelele hii ni tatizo la namna gani. Jibu tulilofikia ni kwamba kelele ikiwafikia watu wa makundi yote mawili kwa kiasi kilekile, itayatawanya matokeo bila kuyapendelea upande mmoja. Lakini ikiwa waliobaki wengi ni wa kundi moja, basi jenereta limekwisha kujipachika ndani ya jaribio kama kigeu cha pili. Tulihesabu: kati ya tisa waliobaki, saba walikuwa wa kundi la kuanza na maneno. Tulingoja dakika 40 mpaka umeme uliporudi.

Jumamosi ya tatu ilihusu maswali na namna yanavyoundwa, na mfano ulikuwa ule wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, ambao waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani, wakibadilisha kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi kikali kuliko vyote walikadiria kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi kipole walikadiria chini ya maili 32. Mwezeshaji alituonyesha video ya magari mawili kwa projekta, akatugawia madodoso ya aina mbili bila kutuambia kwamba yanatofautiana. Langu liliuliza magari yalikuwa yakienda kasi gani "yalipobamizana"; la jirani yangu liliuliza "yalipogusana".

Hapa lugha yetu ilifanya kazi ambayo tafsiri ya kukariri isingeifanya. Kiswahili kina ngazi nzima ya vitenzi vya ajali, kuanzia kugusana, kugongana, hadi kubamizana na kuvaana uso kwa uso, na kila kimoja kinabeba picha yake ya vioo na damu. Kundi letu la "kubamizana" lilikadiria mwendo mkubwa zaidi. Mwezeshaji, kwa uaminifu niliouheshimu sana, alisema mara moja kwamba watu 19 hawatoshi kuthibitisha kitu. Kisha akaibua swali gumu: je, kitenzi kilibadilisha kumbukumbu yetu, au kilitudokeza tu jibu ambalo muulizaji analitaka? Ni kwa kuligusa swali hilo kwamba Loftus na Palmer walifanya jaribio la pili, ambapo baada ya wiki moja waliwauliza watu kama waliona vioo vilivyovunjika, ilhali katika filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya 50 waliokuwa wameulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa kitenzi cha kawaida ni saba. Na katika kundi la udhibiti la watu 50, ambao hawakuulizwa kabisa kuhusu mwendo, ni sita. Kundi la udhibiti lilikuwa limenisumbua tangu chuoni, kwani niliona ni watu waliokaa bure. Siku hiyo nilielewa kwamba bila wale sita usingejua kama saba ni wengi au ni wachache.

Somo la tofauti kati ya uhusiano na usababishi lilichukua saa moja tu, nalo lilitosha: mfano ulikuwa wa wanafunzi wenye simu na alama zao za mtihani, ambapo simu inaweza kushusha alama, alama mbaya zinaweza kumkimbiza mtoto kwenye simu, au jambo la tatu, kama vile usimamizi wa nyumbani, linaweza kuzalisha yote mawili. Sina la kuongeza hapo.

Sasa nifike kwenye upungufu. Kijitabu tulichogawiwa kinatumia maneno matatu kwa kitu kimoja. Ukurasa huu unasoma "kigeu", unaofuata "kibadilika", na mbele zaidi "kigezo". Neno la mwisho linapotosha waziwazi, kwa kuwa kigezo kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni kipimo cha kulinganishia, wala si kitu kinachobadilika. Mimi ningeshikilia "kigeu" tangu mwanzo hadi mwisho, na "nadharia tete" kwa lile dai linalosubiri kupimwa, ambalo kijitabu mahali pengine kinaliita "dhana" tu. Mwanafunzi anayeanza hana uwezo wa kujua kwamba maneno matatu yana maana moja. Atadhani ni mambo matatu.

Lakini upungufu uliobaki moyoni mwangu ni wa Jumamosi ya nne. Hiyo ndiyo siku iliyopangiwa uhalali wa vipimo, yaani swali la kama chombo chako kinapima kweli kile unachodai kukipima, nayo ilipewa dakika 20, huku saa zilizobaki zikitumika kukariri aina za sampuli. Tena mifano yote, katika kozi inayofundishwa kwa Kiswahili kwa watu wanaofanya kazi hapa, ilitoka Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watafitiwa katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani aliyoyapitia walitoka katika nchi za Magharibi zenye takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Mwalimu wa mbinu za utafiti anayefundisha Afrika Mashariki bila kulitaja jambo hilo anawaachia wanafunzi wake shimo katikati ya njia.

Mifano ya kulifukia shimo hilo ipo, tena ni mizuri. Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 utafiti alioufanya kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza, akiwataka wanakili maumbo kwa vifaa tofauti. Walipopewa karatasi na penseli, watoto wa Uingereza waliwashinda wenzao. Walipopewa waya, ambao watoto wa Zambia huuchezea kila siku wakitengeneza magari ya kusukuma, mambo yakageuka, na Wazambia wakawa mbele. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Mtafiti ambaye angebeba penseli peke yake angerudi nyumbani na hitimisho kuhusu akili za watoto, ilhali alichokipima ni mazoea ya kushika penseli. Ningependa somo hilo lifundishwe kwa saa nne nzima, na waya uletwe darasani.

Vivyo hivyo kwa mbinu ya ushuhudiaji, yaani kuwatazama watu katika maisha yao bila kubadilisha kitu, ambayo kozi iliipitia kwa aya mbili kana kwamba ni ndugu maskini wa jaribio. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akaanza kutembelea nyumba za vijiji vya jirani na Kampala, akiwatazama watoto wachanga 28 na mama zao kwa ziara zilizorudiwa kwa miezi, akiandika mtoto analia lini, anamfuata nani, anamkumbatia nani mama akirudi. Kutokana na kutazama huko ndiko alikopata mawazo ambayo baadaye aliyatungia utaratibu maalumu wa kupima uhusiano wa mama na mtoto katika chumba cha maabara huko Marekani. Charles Super naye, akiwa Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, aliona kwamba watoto walikuwa wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini si katika kutambaa. Akachunguza na kukuta kwamba mama walikuwa wakiwafundisha watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi, huku kutambaa hakuna aliyekushughulikia. Katika kisa hicho kimoja kuna kigeu huru, kigeu tegemezi na kipimo cha kulinganishia, na vyote viko katika nyua zinazofanana na zetu.

Siku ya maadili, ambayo ilikuwa ya tano, ilianza vizuri kwa majaribio ya Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, ambapo wanaume 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi mpaka ile ya volti 450 wakiamini wanamwadhibu mtu halisi kwa shoti za umeme, ambazo kwa kweli hazikuwapo. Mjadala ulikuwa wa kina, hasa kuhusu kama mtu aliyedanganywa anaweza kusemwa kuwa ametoa ridhaa. Kwa hiyo ilinihuzunisha kwamba fomu ya ridhaa tuliyosainishwa sisi wenyewe, ili matokeo yetu yatumike katika mafunzo ya baadaye, ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Yule mama mkunga aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa wanasema nini?" Nilimtafsiria, naye akasaini. Hakupaswa kunihitaji mimi. Aidha, hakuna aliyetuambia kwamba kwa utafiti rasmi nchini Tanzania kibali hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na kwamba tafiti za afya hupitia mapitio ya kimaadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, jambo ambalo mtu anayetaka kutoka darasani na kuingia uwandani lazima alijue.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya takwimu kwa kompyuta. Kompyuta mpakato zilikuwa tatu kwa watu 19, hivyo wengi wetu tulitazama migongo ya wenzetu. Ukumbi ni msafi ingawa una joto baada ya saa tano. Chai na maandazi vimo ndani ya ada. Cheti kilichelewa kwa wiki tatu.

Niseme nilivyokitumia nilichotoka nacho. Nililifungua dodoso letu la shule na kukuta swali la nne linasema: "Je, unasumbuliwa na msongo wa mawazo na kukosa usingizi kwa sababu ya mitihani?" Ndani ya swali moja mna mambo matatu, na mwanafunzi anayelala vizuri huku ana hofu hana mahali pa kuweka alama yake. Tumelitenganisha, tumeondoa kile "kwa sababu ya mitihani" kilichokuwa kinampachikia mtoto jibu mdomoni, na muhula huu nusu ya madarasa, yaliyochaguliwa kwa kura, yanalijaza dodoso wiki moja kabla ya mitihani na nusu nyingine wiki tatu baada yake.

Kwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi anayekaribia kuandika tasnifu, shilingi 150,000 naona ni bei ya haki kwa kozi hii, hasa kwa Jumamosi tatu za kwanza, ambazo sijaona mfano wake kwa Kiswahili. Mwenye kutafuta umahiri wa takwimu asilipe, hatapata. Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo mawili kwa simu: fomu ya ridhaa sasa iko kwa lugha gani, na kompyuta ni ngapi. Na kama unayo kompyuta yako, hata ikiwa kuukuu, ibebe siku ya sita.